Meno Mazima Kwenye Ndoo

Wanangu, mnapokuja kwangu hapa Waa na viatu vyenu vyeupe vya chuoni, mkakaa barazani na kuniuliza kazi ya meno ilikuwaje zamani, mimi huwapa kicheko kwanza. Huwasimulia wagonjwa waliokimbia na ganzi mdomoni, na yule bibi aliyeniuma kidole akaniomba radhi kabla hajakiachia. Mnacheka, chai inaisha, mnaondoka. Lile hasa ambalo ningepaswa kuwaambia hubaki na mimi. Leo nimeona niliandike, kwa sababu karatasi hainikodolei macho.

Nilikuwa na ndoo. Ya plastiki, ya buluu, ina mfuniko, ikikaa chini ya dirisha la chumba changu cha kazi katika hospitali moja ya serikali huku pwani ya kusini. Jina la hospitali haliwahusu, kosa ni langu. Ndani ya ndoo ile nilikuwa natupa pamba zenye damu, karatasi za kufutia, na baadhi ya meno. Nasema baadhi, na aibu yangu yote imo katika neno hilo.

Nyinyi wa leo labda hamjui. Mwenyeji wa huku akishang'olewa jino, hulitaka. Hulifunga kwenye kitambaa akaenda kulizika, maana kiungo cha mwanadamu hakitupwi jalalani. Kwa hiyo nilikuwa na desturi: jino likitoka nalisuuza, nalifunga kwenye pamba, namkabidhi mwenyewe mkononi. Naye akifika nyumbani, kabla halijazikwa, litatazamwa na mama mkwe, na jirani, na kila aliyekuja kusema pole. Lau ningemng'oa mtu wa Waa jino zima, habari ingefika Msambweni kabla ya adhuhuri na nisingepata pa kuuficha uso. Kwa wenyeji nilikuwa mwangalifu sana, wallahi.

Watu wa bara hawakuyadai meno yao. Wao walishukuru wakaenda zao. Yao yalikwenda kwenye ndoo.

Siku hizo mimi nilijulikana kwa jina la Koleo. Nassoro Koleo. Nililipenda jina hilo, msinicheke. Jumanne na Alhamisi zilikuwa siku za kung'oa, na benchi la nje lilijaa tangu alfajiri. Mashine ya eksrei ilikuwapo, imefunikwa shuka, haijapata kufanya kazi tangu niajiriwe. Kuziba jino kulikuwa ni habari ya Mombasa. Sisi tulikuwa na ganzi, koleo na pamba, basi. Na mgonjwa mwenyewe hakutaka maneno mengi. Mama mmoja alitoka Majoreni, nikamchungulia, nikamwambia jino lake halina neno, ni ufizi tu, asukutue kwa maji ya chumvi. Alinitazama kama niliyemtukana. Akaniuliza, yeye atoke Majoreni, apande gari mbili, kisha arudi na jino lake lile lile? Benchi zima likacheka. Tangu siku hiyo nikajifunza somo baya kabisa: mgonjwa asirudi bila kupungukiwa na kitu.

Na msidhani kwamba kiungo cha taya sikukijua. Nilikijua. Aliletwa mzee mmoja kutoka Matuga, mdomo wazi, mate yanamtiririka, kichwa kimefungwa kwa shuka. Alipiga mwayo kwenye baraza la chifu, wakati afisa anahutubia juu ya mikorosho, mdomo ukafunguka na usifunge tena. Nikamkalisha chini, nikasimama mbele yake, nikatia vidole gumba juu ya magego ya chini, nikakandamiza kwenda chini, kisha nikasukuma nyuma. Taya likarudi mahali pake kwa kishindo. Kosa langu ni kwamba sikuvifunga vidole kwa kitambaa, na taya liliporudi vilikuwa bado vimo ndani. Nilipiga yowe hospitali nzima ikasikia. Mzee akajifuta mate, akasema shukrani, akauliza kama yule afisa ameshamaliza.

Kwa hiyo nilijua kwamba taya lina bawaba zake, moja kila upande, hapo mbele ya sikio. Nilijua kwamba bawaba huchomoka. Ambalo sikujishughulisha kulijua ni kwamba bawaba pia huuma, yenyewe, bila kuchomoka, na meno yote yakiwa salama salimini.

Sasa ndipo anapoingia Mueni.

Mueni alikuwa msichana wa Kikamba, umri wake miaka ishirini na sita hivi, kwao ni upande wa Machakos. Alikuwa amepanga chumba Ukunda, na alifanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Diani. Mgeni akishuka garini, uso wa kwanza kuuona ulikuwa wake. Alikuja kwangu mara ya kwanza siku ya Alhamisi, kavaa sare yake imepigwa pasi mpaka inakata. Akaniamkia shikamoo, kwa adabu ya mtu aliyejifunza ukubwani. Nikamwitikia marahaba.

Akanieleza: "Daktari, hii uchungu inaanza hapa kwa sikio, inashuka kwa shavu, inapanda kwa kichwa. Asubuhi ndio mbaya. Na nikikula, hapa ndani inalia ta."

Soma tena maneno hayo, wewe unayesoma. Sikio, shavu, kichwa, asubuhi, mlio. Alinipa kila kitu, kama mtu aliyekuja na jibu lake mkononi. Na mimi nilikuwa nimeshughulika kujichekea moyoni, kwa namna alivyosema "hii uchungu." Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Lugha niliisikia, maradhi sikuyasikia.

Nikasimama nyuma ya kiti, kama nilivyozoea, nikagonga meno yake kwa mpini wa kioo. Yote yalikuwa imara. Moja la mwisho la chini, upande wa kulia, lilikuwa na alama nyeusi kidogo juu yake, doa tu la kawaida. Nikasema, ndilo hili. Nikatia ganzi, nikang'oa. Lilikuwa gego lenye mizizi mirefu, lilinichukua muda, nikamfungua mdomo sana na kumwegemea kwa uzito wangu wote. Lilipotoka lilikwenda kwenye ndoo.

Baada ya siku kumi alikuja kunishukuru. Maumivu yalikwisha! Nikavimba kichwa. Sasa niwaambie kilichokuwa kimetokea, kwa sababu mtego huu bado upo na baadhi yenu utawanasa mguu. Mtu akishang'olewa jino, unamwambia nini? Ale uji. Asitafune upande ule. Asifungue mdomo sana, apumzike, anywe dawa ya maumivu kwa siku chache. Hiyo yote, wanangu, ndiyo dawa ya kiungo cha taya. Nilimtibu bila kujua, nikampa sifa koleo. Alipoacha uji akarudia chapati na nyama ya kuchoma, maumivu nayo yalirudi.

Akarudi kwangu. Nikang'oa la pili, lililofuatana na lile. Hilo nalo halikuwa na tundu. Nililigeuza kidogo kwenye mwanga, nikaona shaka, nikaifukuza. Nikajiambia pengine limeoza ndani ya mzizi. Uji tena, nafuu tena, maumivu tena.

Mara ya tatu ilikuwa Ramadhani. Mwaka ule ilianguka katika msimu wa watalii, ila watalii wenyewe hawakuja, maana kulikuwa kumetokea vurugu huku pwani na habari zake zilikwenda mbali. Kwenye Ramadhani benchi langu hubaki tupu, wengi hawapendi kutolewa damu mchana wakiwa wamefunga. Asubuhi ile alikuwapo Mueni peke yake. Alikuwa amevimba macho kwa kukosa usingizi. Akanionyesha juu, ubavuni, jino lililo karibu na chonge. Alidhani limekuwa lile sasa.

Hapakuwa na foleni ya kuisingizia. Hapakuwa na jirani wala mama mkwe wa kulikagua. Nilitazama jino lile na nikajua kwamba ni zima. Ningeweza kusema sijui. Neno lenyewe ni jepesi, hata mtoto wa chekechea analiweza. Lakini ningesema sijui, angeuliza yale mawili ya kwanza je? Nikachukua sindano.

Lilitoka jeupe kama nyama ya nazi. Mzizi umekamilika, hauna usaha, hauna doa. Nikaunyosha mkono upesi kuelekea kwenye ndoo, na mfuniko ukalia. Mueni akanigeukia, pamba ikiwa mdomoni, akauliza kwa shida kama lilikuwa limeoza.

"Limeoza ndani," nikamwambia.

Nimefunga, na nimesema hivyo. Kisha nikachukua kadi yake ya hospitali, nikaandika neno lile lile nililoandika mara mbili za kwanza: limeoza. Jua lilipotua nilifuturu na watu wa nyumbani, nikaomba dua kwa sauti, na hakuna aliyenishangaa.

Safari hii hapakuwa na nafuu. Kiungo kilikuwa kimechoshwa na kulazimishwa kufunguka mara tatu. Baada ya wiki mbili mdomo wake haukufunguka zaidi ya kidole kimoja. Alikula kwa kijiko cha chai. Akicheka, pale juu palionekana pengo, na taya lilikwenda upande. Meneja wa hoteli, yule mtu hakuwa na maneno mengi, alimwondoa mapokezi akampeleka dobi, kupiga pasi shuka, mpaka hapo atakapokuwa na sura ya kupokea wageni. Mueni alinieleza hayo kwa utulivu, bila kunilaumu. Aliniita daktari kama kawaida. Alitaka kujua tu kama limebaki jino lingine bovu.

Nikampangia tarehe. Na hapa mnisikilize vizuri, maana uongo una watoto. Mara moja kwa mwezi, siku ya Jumatano, alikuwa anakuja daktari wa meno kutoka Mombasa, Bi Rukia, mtu mpole, mdogo wangu kwa miaka kumi, aliyesoma mara tatu yangu. Nilihakikisha kwamba tarehe ya Mueni isigongane na Jumatano hiyo. Lakini Mueni hakuweza kusubiri. Maumivu yalimleta mwenyewe, na siku iliyomleta ndiyo hiyo.

Bi Rukia hakuchukua kioo. Alivuta kiti akaketi mbele ya Mueni, goti kwa goti, na hilo peke yake lilinifundisha. Mimi miaka yote nilikuwa nasimama kisogoni kwa mgonjwa. Akaweka vidole vyake viwili mbele ya masikio yote mawili, akamwambia afungue na kufunga pole pole. Akatazama kidevu kinavyokwenda upande wa kulia. Akaniita nami nikaweka vidole, nikasikia kiungo cha kulia kinakwaruza na kukwama. Kisha akabonyeza shavu, pale kwenye msuli unaotuna ukikaza meno, na Mueni akaruka kitini. Akabonyeza kipaji cha uso pembeni, akaruka tena. Ukiona hivyo, akaniambia, usilitazame jino kwanza, tazama taya.

Halafu akamuuliza jambo ambalo mimi sikuwahi kumuuliza mgonjwa yeyote maishani mwangu. Alimuuliza analala vipi.

Mueni akatazama miguu yake. Kisha akasema, "Nalala na viatu."

Ikabidi aeleze. Tangu zile vurugu za kuwafukuza watu wa bara, wenzake pale mtaani kwao Ukunda walikuwa na hofu. Jirani zake wawili walikwishafunga mizigo wakarudi kwao. Yeye hakuweza kurudi, kwa sababu nyumbani walikuwa wakimtegemea. Kwa hiyo usiku alikuwa analala amevaa viatu, mkoba uko begani, ili akisikia kelele akimbie. Na kila Ijumaa, hotelini, nyuma ya jikoni, ilibandikwa orodha ya waliopunguzwa kazi, naye aliisoma kutoka chini kwenda juu. Akiamka asubuhi hukuta meno yamekazana, mpaka ayaachanishe kwa makusudi. Alikuwa anayasema haya huku analia, nami nimesimama pembeni na koti langu jeupe. Nilikuwa mwenyeji katika mji ambao yeye analala na viatu, na nilikuwa nimemng'oa meno.

Basi, dawa. Niwaandikie kama Bi Rukia alivyomwambia, maana huku ndiko kwenye faida. Kwanza akamfundisha kinywa kinavyopumzika: midomo imefungwa, meno hayagusani, ulimi umelala juu, nyuma ya meno ya mbele. Jaribu sasa hivi hapo ulipo. Wengi wenu meno yalikuwa yamegusana, sivyo? Meno ya binadamu yanapaswa kukutana wakati wa kula tu, na kumeza. Kila akipita mlangoni, kila akikunja shuka, ajiulize meno yake yako wapi. Pili, kitambaa kilichochovywa maji ya moto ya kuvumilika, kikamuliwe, kiwekwe shavuni robo saa, asubuhi na jioni. Tatu, chakula laini: uji, wali wa bokoboko, samaki, ndizi, kwa wiki kadhaa, akate vipande vidogo asing'ate kwa meno ya mbele. Asitafune ubani wala mua. Miraa hakuwa anatafuna, lakini nyinyi ulizeni, maana nimewaona madereva wanaolia na taya kumbe wanatafuna upande mmoja tangu adhuhuri mpaka isha, na bibi zetu wa tambuu pia. Mwayo ukimjia, aweke ngumi chini ya kidevu ili mdomo usifunguke mno. Asilale kifudifudi, wala asiegemee kidevu kwa kiganja.

Kisha mazoezi, na hayo ndiyo yaliyomrudisha. Ulimi ubandikwe juu ya kaakaa, mdomo ufunguliwe polepole bila ulimi kubanduka, ufungwe. Mara sita kila safari, safari sita kwa siku, mbele ya kioo, kidevu kiende wima. Usilazimishe penye maumivu makali. Kipimo ni vidole vyake mwenyewe vikisimamishwa kati ya meno ya mbele: vitatu ndio uzima. Dawa ya maumivu kwa siku chache, si kwa miezi. Wengi hupona hivyo hivyo, hawahitaji kisu wala koleo. Ila ukiona uvimbe, homa, ganzi ya shavu, au taya limefunga kabisa, hapo usicheze, mpeleke mbele.

Mueni alipotoka, Bi Rukia alifunga mlango. Hakupandisha sauti. Alikuwa ameishika ile kadi.

"Kaka Nassoro, meno haya matatu yalikuwa yameoza?"

Nikatazama mkorosho ulioko nje ya dirisha. Nikasema hapana.

"Ulijua lini?"

Nikamwambia la kwanza nilidhani, la pili nilishuku, la tatu nilijua. Alikaa akinitazama mpaka nikatamani anitukane. Kisha akasema kwamba yeye hatamwambia Mueni neno, kwa sababu mkono uliong'oa haukuwa wake. "Utamwambia wewe," akasema. Nikamwahidi.

Sikumwambia. Mueni alikuwa anakuja kila wiki mbili tupime vidole, na kila alipokuja nilikuwa nimepanga maneno. Kidole kimoja na nusu. Nikasema ngoja kwanza apone, nisimwongezee mawazo. Vidole viwili. Nikasema leo yuko na mwenzake. Mwenzake alikuwa Mwanamisi, mama wa Kidigo aliyefanya naye kazi dobi, ambaye alimhamishia chumba cha nyuma nyumbani kwake Ukunda, na ndipo Mueni akaanza kulala bila viatu. Mnaona? Dawa kubwa kuliko zote alipewa na mpiga pasi. Vidole viwili na nusu. Mueni akanishukuru, akaniambia Mungu anibariki, nami nikaitika amina. Bi Rukia naye kila mwezi alikuwa ananiuliza, "Bado?" na mimi nainama kutafuta kitu kwenye kabati.

Siku ya mwisho alikuja asubuhi, amevaa nguo za safari. Alikuwa amepata kazi Machakos mjini, karibu na kwao. Alisimamisha vidole vitatu mdomoni, vikaingia, akacheka, na kidevu kilikwenda wima kabisa. Pengo pale juu lilikuwapo. Aliniletea mfuko wa pojo, wao huziita ndengu, zilizotoka kwa mama yake. Nikapokea kwa mikono miwili. Nikadhani sasa imekwisha, anaondoka, na siri yangu inabaki na mimi na Bi Rukia na Mola.

Hakusimama kuaga. Aliketi. Akaniambia kwamba jana, wakipiga pasi, Mwanamisi alimuuliza meno yake aliyazika wapi. Yeye hakuelewa. Mwanamisi akamweleza kwamba Koleo humpa kila mtu jino lake mkononi, limefungwa kwenye pamba, hajapata kusikia mtu aliyekosa. Basi amekuja kuyachukua, au aambiwe yalipo.

Nikaanza kusema kwamba watu wa bara kwa kawaida hawana desturi hiyo. Hakuniachia nimalize.

"Wengine wote unawapatia. Yangu ulitupa kwa nini?"

Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza. Nikasikia mfuniko wa ndoo ukilia kichwani mwangu, kama ulivyolia ile asubuhi ya Ramadhani. Nilikuwa mtu mzima wa miaka hamsini, nina mke na wajukuu.

"Kwa sababu yalikuwa mazima, mwanangu," nikamwambia. "Yote matatu. Na sikutaka uyaone."

Aliangalia dirishani. Akapeleka ulimi pale kwenye pengo, niliuona unapita chini ya mdomo wake. Nikaanza kuomba radhi, maneno yakaja mengi, hayana mpangilio, nikataja hata foleni na mashine ya eksrei. Akainua kiganja nikanyamaza. Kisha akafungua mkoba, akatoa ile kadi, akaiweka juu ya meza, mbele yangu.

"Andika vizuri," akasema. "Kule daktari mwingine atasoma hii."

Nikachukua kalamu. Nikakata neno limeoza, nikaandika juu yake: lilikuwa zima, nimeling'oa kwa makosa. Nikafanya hivyo mara tatu, kila mara na sahihi yangu pembeni, na jina langu kamili, si Koleo. Alisimama akisoma begani kwangu. Alipohakikisha, akaipuliza wino ukauke, akaikunja, akaitia mkobani. Akasema, "Kwaheri, daktari," akafunga mlango taratibu.

Tangu siku ile mpaka nilipostaafu, kila jino nililolitoa lilikwenda mkononi kwa mwenyewe, awe wa Waa au wa Turkana, alitake asilitake. Wengine walikunja uso. Niliwaambia litazame kwanza, kisha ulitupe wewe. Nanyi fanyeni hivyo hivyo, na mkiwa hamjui, semeni hamjui.

Zile pojo alizipika mke wangu mchana ule ule, kwa nazi, na akasifu jinsi zilivyoiva. Nilikaa mbele ya sahani mpaka ikapoa. Sikuweza kutafuna. Nilikuwa nimekaza meno tangu asubuhi, na palikuwa pananiuma hapa, mbele ya sikio.